Aliyekatazwa ngano afanyeje anapokula hotelini?

Unapoingia hotelini kula na familia yako, bila shaka jambo la kwanza unalojiuliza ni kama nyama imechinjwa kihalali, na la pili ni kama jiko ni safi. Lakini wapo ndugu zetu ambao maswali hayo mawili hayawatoshi. Chakula kinaweza kuwa halali, kikawa kisafi, kikawa cha moto kimetoka jikoni sasa hivi, na bado kikawadhuru. Hao ni wagonjwa wa siliaki, ambao wametakiwa na daktari waache ngano, shayiri na rai.

Ndani ya nafaka hizo tatu mna protini iitwayo gluteni. Katika ngano, ndiyo inayoufanya unga uvutike ukikandwa. Watu walio wengi huila kila siku bila tatizo. Kwa mgonjwa wa siliaki, kinga ya mwili hukosea ikaushambulia mwili wenyewe, na zile nyuzi laini za ndani ya utumbo mwembamba zinazofyonza chakula huharibika. Ndipo huja kuharisha, tumbo kujaa gesi, kukonda, mifupa kudhoofika, upungufu wa damu unaorudi kila vidonge vikiisha, na kwa watoto kudumaa. Wengine hawaumwi tumbo hata kidogo, na hilo huwachelewesha kupimwa.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Inakadiriwa kuwa duniani kote mtu mmoja hivi katika kila 100 anao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto wa Kisaharawi, ambao ni Waislamu wenzetu wa Sahara Magharibi, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Hapa lazima tutahadharishe: ukishuku kuwa wewe au mwanao mna tatizo hili, msiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta alama za mapambano ya mwili dhidi ya gluteni, na aliyekwisha kuiacha anaweza kuonekana mzima ilhali ni mgonjwa. Nenda kwanza kwa daktari ukiwa unakula kama kawaida.

Kiasi gani kinadhuru? Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya takriban gramu 2, na pengine zaidi. Utafiti umeonyesha kuwa miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuuumiza utumbo. Gawa kipande hicho cha mkate mara 40, uone sehemu moja ilivyo ndogo. Ni makombo tu. Na gluteni si kidudu, kwa hiyo moto hauiui. Unaweza kuichemsha, kuichoma au kuikaanga, itabaki vilevile. Kinachoiondoa kwenye chombo ni sabuni, maji na kusugua.

Sasa tuingie kwenye hoteli zetu za mjini, iwe Kariakoo, Magomeni au Mombasa. Kwa bahati nzuri vyakula vyetu vingi vya asili havina ngano: wali, pilau, ugali wa mahindi au wa mtama, ndizi, mihogo, viazi, maharage ya nazi, samaki, kachumbari. Mgonjwa wa siliaki wa Dar es Salaam ana vyakula vingi zaidi vya kuchagua kuliko mwenzake wa mji ambao mlo haukamiliki bila mkate. Wala haina haja ya kumwambia kuwa chapati, maandazi, sambusa, kaimati, tambi na bokoboko ni ngano, kwani hayo anayajua. Hatari iko kwenye vile vinavyoonekana havina neno.

Chukua chipsi. Viazi ni viazi, lakini mafuta yale yale yamekaanga sambusa asubuhi na kuku wa kupakwa unga mchana. Bajia za dengu nazo ni hivyo hivyo. Vitumbua na mkate wa kumimina asili yake ni mchele, ila siku hizi wapo wanaochanganya unga wa ngano kidogo ili vishikane. Katlesi na kababu nyingi hutiwa chenga za mkate. Urojo hufanywa mzito kwa unga wa ngano, na supu au mchuzi wa hotelini hufanyiwa hivyo pia mara kwa mara. Mishkaki ikilazwa kwenye sosi ya soya, jua kuwa sosi hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Yai nalo halina gluteni, mpaka likaangwe kwenye kikaango kilichotoka kupika chapati.

Kwa hiyo usitosheke na kumuuliza mhudumu, "Chakula hiki kina gluteni?" Neno lenyewe huenda hajapata kulisikia, naye kwa adabu yake atakujibu hakina. Uliza kwa lugha ya jikoni, na ikiwezekana mwombe mpishi mwenyewe: "Ndugu yangu, nimekatazwa ngano na daktari, nikila kidogo tu naugua. Mchuzi huu umeutia unga? Samaki huyu umempaka nini? Mafuta haya yamekaanga sambusa?" Sisi tumezoea kuuliza nyama imechinjwa na nani, wala hatuoni haya. Swali la ngano halina tofauti. Akisitasita, au akacheka kana kwamba unadeka, agiza kitu kingine au uende pengine.

Nenda mapema, kabla ya msongamano wa saa saba mchana, mpishi apate nafasi ya kukusikiliza. Agiza chakula ambacho kila kilichomo kinaonekana kwa macho: wali mweupe, samaki wa kuchemshwa kwa chumvi na ndimu, ndizi au mihogo ya kuchoma. Omba upawa safi na sahani iliyooshwa, isiwe iliyofutwa tu kwa kitambaa. Ukipata hoteli moja inayokuelewa, rudi hapo hapo.

Vinywaji navyo visisahauliwe. Vile vya kimea visivyo na kilevi, ambavyo Waislamu wengi huvipenda, kimea chake kwa kawaida ni cha shayiri, na maandishi ya halali kwenye chupa hayaondoi gluteni. Vivyo hivyo talbina, uji wa shayiri uliotajwa katika hadithi. Ni chakula chema, ila aliyethibitika kuwa na siliaki asilazimishwe kuunywa.

Tukumbushe pia kwamba mzio wa ngano ni maradhi mengine. Mwenye mzio akila akavimba midomo au akabanwa pumzi, akimbizwe hospitali saa ile ile. Wa siliaki aliyekosea mara moja hana dawa ya kukitoa alichokula. Anywe maji ya kutosha, apumzike, na akiharisha mfululizo amwone daktari.

La mwisho ni sinia. Tukifuturu pamoja au tukialikwa harusini, mikono mingi huingia sahani moja, mmoja akimega chapati na kuichovya kwenye mchuzi ambao mwenzake anaumiminia wali. Mpakulie mgonjwa wako sahani yake kabla sinia halijaguswa, umweke pale pale pamoja na wenzake, na uwaeleze watoto sababu mapema, maana wao ndio wepesi wa kumpa kipande cha andazi kwa mapenzi.