Kompyuta ya Nyumbani: Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya askari katika mtaa wa Kibenga, kusini mwa mji wa Bujumbura. Baba yuko mbali kikazi, na kompyuta ya sebuleni ndiyo inayomwonyesha nyuso za wanawe kila Jumapili. Jumamosi usiku kijana wa nyumba anaona tangazo kwamba matoleo mapya ya programu yamewasili. Anayakubali yote bila ya kusoma, kisha analala. Asubuhi kioo ni cheusi tititi. Mama anadhani mashine imekufa, na anaanza kuhesabu fedha za fundi.

Mashine haikufa. Kilichovunjika ni mapatano baina ya sehemu zake, na mapatano hayo aghalabu yaweza kurudishwa na mtu yeyote wa nyumbani aliye na subira.

Kompyuta hiyo yaendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Aina yake mojawapo, iliyotoka mwaka 2004, ni Ubuntu. Jina hilo si geni Bujumbura: kwa Kirundi ni utu na ukarimu, na kitu cha "ku buntu" ni cha bure. Mfumo wenyewe pia ni wa bure, lakini bure haina maana ya kwamba hauhitaji uangalizi.

Moyo wa mfumo huitwa kerneli. Kati yake na kadi ya picha, ambayo ndiyo ichoreayo kioo, pana programu iliyo mfano wa mkalimani, nayo huitwa kiendeshi. Kwa kadi za kampuni ya NVIDIA, kiendeshi huja vipande vipande: kimoja hukaa ndani ya kerneli, vingine nje. Vyote sharti viwe vya toleo moja. Ni kama kikosi kinachopiga kwata: mmoja akitanguliza mguu wa kulia na mwenzake wa kushoto, gwaride zima huvurugika.

Vurugu hilo huja kwa njia tatu. Ya kwanza, vipande vya nje vimebadilishwa na cha ndani kingali cha zamani. Hapo kuizima kompyuta na kuiwasha upya kwaweza kutosha. Ya pili, kerneli mpya imeingia, na kiendeshi hakipatani nayo. Wakati wa kuwasha, bonyeza kitufe cha Shift au cha Esc mpaka orodha itokee, kisha uchague kerneli ya zamani, kwani Ubuntu huiweka akiba. Ya tatu, umeme umekatika katikati ya kazi, jambo tulilolizoea sisi wakazi wa Bujumbura, na vifurushi vya programu vikabaki nusu. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina lako na neno la siri, kisha uandike: sudo dpkg --configure -a

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Kwanza ijue kadi yako. Amri ya lspci hutaja jina lake, na ubuntu-drivers devices hupendekeza kiendeshi kinachoifaa. Kadi nyingi za zamani, kama vile GeForce GT 710 ya ukoo wa Kepler, mwisho wake ni mfululizo wa 470. Mifululizo iliyofuata haizitambui. Mwenye kadi hiyo akilazimisha 550 kwa sababu ni namba kubwa, atavuna giza. Namba ya toleo si cheo.

Kiendeshi kikishafanya kazi vizuri, waweza kukishikilia kisibadilike: sudo apt-mark hold nvidia-driver-470. Lakini kushikilia ni kwa muda tu, kwa mfano katika majuma ya mitihani ya watoto. Kerneli nayo huendelea kubadilika, na matoleo mapya huziba matundu ambayo wezi wa siri hupenyea. Kwa hiyo chagua siku yenye umeme wa kuaminika na nafasi ya kutosha, uondoe zuio kwa neno unhold mahali pa hold, ndipo ubadilishe. Wala usichanganye kiendeshi cha Ubuntu na kile kilichochukuliwa moja kwa moja kwa mtengenezaji. Wakalimani wawili wakisema kwa pamoja, hakuna asikiaye.

Mbacha nao huchakaa. NVIDIA iliacha kuutunza mfululizo wa 470 mwaka 2024. Kadi ikishaachwa na mtengenezaji, kiko kiendeshi kingine kilichomo ndani ya kerneli tangu mwaka 2010, kiitwacho nouveau, yaani "kipya" kwa Kifaransa. Mwendo wake ni wa polepole, lakini kwa barua na masomo chatosha.

Mwisho, liwepo daftari kando ya kompyuta, kama daftari la zamu katika kituo cha walinzi. Humo ziandikwe: jina la kadi, mfululizo wa kiendeshi, kerneli iliyofanya kazi, tarehe ya kila badiliko na nani aliyelifanya. Kijana yule angelifungua kabla ya kukubali tangazo, angejua kipi cha kuacha. Na mama, hata kama kioo kingezimika, angejua kipi cha kurudia kabla saa ya baba haijafika.