Chunusi na ngozi ya mafuta: Je, ni kosa la chipsi?

Jioni pale Mikumi, malori ya barabara ya Dar na Tunduma yakishapaki, meza za chipsi zinajaa. Chipsi mayai, mishkaki, soda baridi. Ukiwa na chunusi usoni hutakosa mtu wa kukuambia: "Acha chipsi wewe, ona uso ulivyo."

Ana hoja? Kwa kiasi. Ila sababu siyo ile wengi wanayodhani.

Mafuta ya usoni hayatoki kwenye karai

Mafuta ya kukaangia hayasafiri kutoka tumboni kuja kung'aa usoni. Ngozi inatengeneza mafuta yake yenyewe, kupitia tezi ndogo zilizo kwenye vitundu vya vinyweleo. Kazi yake ni kuilainisha na kuilinda. Tezi hizo ni nyingi usoni, kifuani na mgongoni, ndiyo maana chunusi zinapenda kukaa huko.

Mafuta yakizidi, yanachanganyika na seli zilizokufa na kuziba kitundu. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu wanaongezeka humo ndani, mwili unapambana nao, na hapo unapata uvimbe, maumivu na usaha. Kwenye ngozi nyeusi, chunusi ikipona mara nyingi inaacha doa.

Homoni ndiyo bosi

Tezi za mafuta zinaamshwa na homoni ziitwazo androjeni, mojawapo ikiwa testosteroni. Wavulana wanazo nyingi zaidi, lakini hata wasichana wanazo. Zinapanda wakati wa balehe. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye chunusi siyo mchafu, na ile kauli ya "ukiolewa zitaisha" haina ukweli wowote.

Kwa wanawake, chunusi nyingi hutokea siku chache kabla ya hedhi. Sindano au kijiti cha uzazi wa mpango pia vinaweza kuziongeza kwa baadhi yao, wakati vidonge vyenye estrojeni mara nyingi huzipunguza. Usiache njia yako ghafla. Ongea na muuguzi kwanza. Kama hedhi inaruka na ndevu zinaota kidevuni, nenda ukapimwe homoni.

Sasa chipsi zinaingiaje?

Zinaingia kupitia sukari. Chipsi, mkate mweupe, maandazi na soda hupandisha sukari kwenye damu haraka. Soda ya kola ya mililita 350 huwa na takribani gramu 35 za sukari. Mwili unajibu kwa kumwaga insulini, na insulini ikiwa juu inachochea androjeni na tezi za mafuta.

Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia vijana wa kiume 43 kwa wiki 12. Waliokula vyakula visivyopandisha sukari haraka walipungukiwa chunusi kuliko wenzao. Ni utafiti mdogo, lakini tafiti nyingine zilizofuata zinaelekea huko huko.

Maziwa nayo yamehusishwa na chunusi katika baadhi ya tafiti, ila ushahidi bado hauna nguvu ya kukufanya uyaache. Karanga na parachichi? Hakuna ushahidi wa maana dhidi yake.

Na ukweli ni huu: kuna anayekula chipsi kila siku na uso wake ni laini. Kurithi kuna nafasi kubwa. Chakula kinaongeza au kupunguza tatizo, mara chache kinalimaliza.

Hatari halisi iko kwenye mkorogo

Wengi wakichoka wanakimbilia krimu za kung'arisha. Nyingine zina steroidi: wiki za mwanzo uso unatulia, kumbe dawa inaficha tu. Ukiacha, chunusi zinarudi kwa fujo na ngozi imeshakuwa nyembamba. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, lakini bado vinauzwa kimyakimya.

Ufanye nini?

- Nawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini. Kusugua sana kunazidisha.
- Usizitumbue. Ndiyo njia ya haraka ya kupata makovu.
- Punguza soda na vitafunwa vya ngano nyeupe. Maharage na mchicha vinapandisha sukari taratibu.
- Duka la dawa, ulizia benzoili paroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Anza na kidogo.
- Kama ni mjamzito, usitumie dawa yoyote ya chunusi bila kumuuliza daktari.
- Vumilia wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema haifanyi kazi.

Chunusi zikiwa kubwa, zinauma au zinaacha mashimo, usisubiri zipite zenyewe. Anzia kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa ya kumwona daktari wa ngozi. Chunusi inatibika, kovu ndilo gumu kuliondoa.