Kupima Macho ni Jambo Moja, Kununua Miwani ni Jingine

Mkazi wa Dar es Salaam anayeanza kuona maandishi ya simu yakififia ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni machinga wa Kariakoo, aliyepanga miwani ya kusomea kwenye ubao na kumwacha mteja ajaribu mpaka aridhike. Ya pili ni duka la miwani lenye tangazo la kupima macho bure. Ya tatu ni kliniki ya macho hospitalini, ambako kuna foleni ya asubuhi na malipo ya kumwona mtaalamu kabla habari ya miwani haijaanza. Wengi huchagua kwa kulinganisha bei ya miwani peke yake. Lakini hapo pana huduma mbili tofauti, kuchunguzwa macho na kuuziwa miwani, na anayezitenganisha huhudumiwa vizuri zaidi kwa fedha ileile.

Uchunguzi kamili una sehemu mbili. Sehemu moja inatafuta namba ya lenzi. Mashine ambayo mtu huiwekea kidevu na kutazama picha iliyomo ndani hutoa makadirio kwa sekunde chache, na makadirio hayo ni mahali pa kuanzia tu. Namba inayofaa hupatikana mtu anapoketi mbele ya chati, akavishwa fremu ya majaribio, na mpimaji akabadilisha lenzi moja baada ya nyingine huku akimuuliza ipi inaonyesha vizuri zaidi. Chati ya aina hiyo ilitolewa mwaka 1862 na Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi, na kwa asiyesoma ipo ya herufi E iliyogeuzwa pande nne. Ukiandikiwa 6/18, maana yake ni kwamba unalazimika kusogea hadi mita 6 kuona kile ambacho jicho lisilo na kasoro hukiona likiwa mita 18. Duka linalochukua karatasi ya mashine na kukata lenzi papo hapo limeruka hatua ya kumsikiliza mwenye macho.

Sehemu ya pili inakagua afya ya jicho: presha yake ya ndani, uwazi wa lenzi ya asili, retina, na mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa kwenye ubongo. Sehemu hii ndiyo inayookoa uoni. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, mara nyingi haiumi. Huanza kula uoni wa pembeni huku ule wa katikati ukibaki mzuri, kwa hiyo mtu anaweza kusoma mstari wa chini kabisa wa chati ilhali mshipa umekwisha kuharibika, na kilichoharibika hakirudi. Kisukari nacho huumiza mishipa midogo ya damu ya retina kabla mgonjwa hajahisi lolote, ndiyo maana mwenye kisukari hushauriwa kukaguliwa retina kila mwaka. Mtoto wa jicho akikomaa huondolewa kwa upasuaji, na mtu anayebadilisha miwani kila mara kwa sababu yake anapoteza fedha na muda.

Kwa hiyo lawama inayotupiwa miwani ya barabarani, kwamba inaharibu macho, imekosea mahali. Lenzi ya +1.50 kwenye ubao wa machinga haimpofushi mtu mzima. Kwa wengi waliovuka miaka 40 inasaidia kweli, maana katika umri huo lenzi ya asili ya jicho inakuwa ngumu na kushindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Jaribio lililofanyika Assam, India, kwa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, likachapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet Global Health, lilionyesha kuwa waliopewa miwani ya karibu ya bei nafuu waliongeza mavuno yao kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Fundi cherehani wa Temeke, fundi simu wa Kariakoo na mama anayechambua mchele jioni wana sababu zilezile za kuihitaji.

Mipaka yake lazima ijulikane. Miwani hiyo ina namba moja kwa macho yote mawili, hairekebishi astigmatizimu, yaani kasoro ya jicho lisilo na mviringo sawasawa, wala haifai kuendeshea gari, kwa kuwa hufifisha vitu vya mbali. Hatari kubwa zaidi inakuja baadaye. Anayeona vizuri kwa miwani ya machinga hupunguza hima ya kwenda kuchunguzwa, na umri uleule wa 40 unaoleta hitaji la miwani ya kusomea ndio ambao glakoma huanza kutafutwa kwa makini zaidi. Mtu akachunguzwe macho yake mara ya kwanza, aambiwe yako salama, kisha anunue miwani ya kusomea popote apendapo bila hofu.

Swali la wapi pa kwenda linategemea hali ya mtu. Aliyepoteza uoni ghafla, mwenye jicho jekundu linalouma na kuona ukungu, au anayeona miali na vitone vipya vinavyoelea, asipitie dukani. Mtoto mwenye mboni inayong'aa nyeupe naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu hiyo huweza kuwa dalili ya saratani ya jicho. Mwenye kisukari, au mwenye mzazi au ndugu aliyepata glakoma, naye mahali pake ni hospitali hata kama anaona vizuri. Jijini Dar es Salaam hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Mwananyamala na Temeke zina huduma za macho, na juu yake ipo Muhimbili. Hospitali ya CCBRT, Msasani, imejijengea jina kwa macho hasa. Mikoani kuna hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako wataalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho kwa ajili ya miwani, wamefundishwa kwa miaka mingi, pamoja na Bugando jijini Mwanza na Mvumi mkoani Dodoma.

Mtu mzima asiye na dalili hizo anaweza kupimwa vizuri dukani, mradi mpimaji awe mtaalamu wa optometria. Tangazo la kupima bure halimaanishi ulaghai. Linamaanisha kwamba muda wa mpimaji unalipwa na mauzo ya miwani, na mteja anastahili kulijua hilo kabla ya kuketi. Maswali mawili yanatosha kulipima duka. Kwanza, anayenipima amesajiliwa na Baraza la Optometria? Mtaalamu wa kweli hakasiriki kuulizwa. Pili, nisiponunua hapa, nitapewa karatasi ya vipimo vyangu? Duka linalokataa limeshakuonyesha kuwa kwao kipimo ni chambo, na heri kulipia kipimo mahali pengine.

Karatasi hiyo ndiyo inayompa mnunuzi uhuru, kwa hiyo inafaa aweze kuisoma. Inataja jicho la kulia na la kushoto. SPH ni namba kuu: alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha hurekebisha kinyume chake. CYL na AXIS huenda pamoja na zinahusu astigmatizimu. ADD ni nyongeza ya kusomea. PD ni umbali, kwa milimita, kati ya mboni mbili, na mara nyingi huachwa wazi. Omba iandikwe, kwa sababu lenzi isiyokaa mbele ya mboni huchosha macho na kuumiza kichwa, hasa namba ikiwa kubwa.

Ukiwa na karatasi mkononi, zunguka. Omba kila duka likutenganishie bei ya fremu na bei ya lenzi, na utaona haraka kuwa mara nyingi fremu ndiyo inayotenganisha miwani ghali na miwani rahisi, wakati kinachokufanya uone ni lenzi. Kama fremu ya zamani bado ni nzima, uliza kama inaweza kuwekewa lenzi mpya. Lenzi ya plastiki ya kawaida inatosha kwa namba ndogo, na ile nyembamba ya bei kubwa ina maana kwa mwenye namba kubwa. Polikaboneti, ambayo haivunjiki kirahisi, ni ya watoto na mafundi wa kuchomelea au kukata vyuma, ingawa fundi huyo bado anahitaji kinga kamili ya kazini. Lenzi inayopunguza mng'ao humfaa dereva wa usiku. Lenzi inayobadilika rangi juani haiwi nyeusi vya kutosha ndani ya gari, kwani kioo cha mbele huzuia mionzi inayoiamsha. Na ukishawishiwa kuongeza fedha kwa ajili ya mwanga wa bluu wa kompyuta, kumbuka kuwa mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakupata dalili kwamba lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida.

Kwa watoto kubana matumizi kuna kikomo. Jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza, hivyo mashine ya haraka inaweza kumwandikia namba ya kutoa asiyoihitaji. Apimwe mahali panapotumika matone ya kulilegeza jicho. Wazazi wanaoogopa kwamba miwani itamzoesha mtoto na kumharibu macho wanahitaji kusikia ukweli: namba sahihi haimharibu. Linalomdhuru ni kuchelewa, maana jicho lisilopata picha safi utotoni huweza kubaki jicho vivu hata likipewa miwani ukubwani.

Haya yote ni mzigo mkubwa kumwachia mnunuzi peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria watu milioni 826 wenye shida ya kuona karibu isiyotibiwa, na limeandaa mafunzo ya kumwezesha mhudumu wa kawaida wa afya kupima uoni, kugawa miwani ya kusomea na kutambua wa kupewa rufaa. Zahanati ndiyo mahali pake. Miwani ya kusomea ikipatikana hapo pamoja na macho kuangaliwa, mwananchi hatalazimika kuchagua kati ya bei ya machinga na usalama wa hospitali.

Mpaka siku hiyo, fedha ya kwanza ilipie uchunguzi, inayofuata ilipie lenzi yenye namba sahihi, na fremu ipate kinachobaki. Fremu ya kuvutia inaweza kusubiri mwaka ujao. Glakoma haisubiri.