Tanuri la kupozea
Somo: 1 Wafalme 19:1-8

Ukitoka Venice, Italia, kwenda kisiwa cha Murano, unapitia makaburini kwanza. Boti ya abiria husimama San Michele, kisiwa cha maziko kilichozungushiwa ukuta wa matofali, ikashusha watu wenye maua, ndipo ikaendelea kwa mafundi wa kioo. Mwenzangu katika hija yetu alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilimkumbuka mama mmoja wa kwaya ya parokia yetu. Nitamrudia.

Mafundi wale hawakwenda Murano kwa kupenda. Mwaka 1291 Jamhuri ya Venice iliamuru matanuri ya kioo yatolewe mjini, maana nyumba nyingi zilikuwa za mbao na moto ukitoroka usingebakiza kitu. Baadaye mafundi wakakatazwa hata kuhama nchi, wasije wakaondoka na siri za kazi. Na sisi wa upande huu si wageni kwa kazi zao: katika karne ya 19 shanga za Venice zilifika pwani yetu, zikabebwa na misafara hadi bara kununulia pembe za ndovu na, tusifiche, watu.

Karakana tuliyoingia ilikuwa na giza, na joto lilitupokea mlangoni. Watalii tuliketi kwenye mabenchi kama waumini wanaosubiri misa ianze. Kioo hutokana na mchanga, magadi na chokaa. Ndiyo, magadi, ndugu ya yale tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Yanaufanya mchanga ukubali kuyeyuka kwa moto mdogo kidogo, ingawa huo mdogo nao unapita nyuzi 1,000. Fundi alichovya bomba refu la chuma tanurini, akalizungusha kama mtu anayezoa asali kwa kijiti, akatoa donge linalowaka. Akapuliza. Pumzi fupi tu, na donge likafura. Muda wote aliendelea kulizungusha, kwa sababu akiacha kidogo linalegea na kuinama upande mmoja. Kijana wake hakuambiwa neno. Alijua wakati wa kuleta koleo na wakati wa kufungua mlango wa tanuri. Likawa jagi. Kisha fundi akachukua donge jingine, akalivuta kwa koleo huku na huku, shingo, miguu, mkia, akatupa farasi mdogo kabla hatujamaliza kutoa simu zetu mifukoni. Tulipiga makofi.

Hatua iliyofuata hakuna aliyeipigia makofi. Lile jagi lilibebwa hadi kwenye tanuri la pili, lisilo na mwali, likafungiwa humo. Fundi akaketi, akanywa maji. Tukaambiwa hilo ni tanuri la kupozea. Huanza karibu na nyuzi 500, na joto hushushwa taratibu kwa saa nyingi. Kitu kinene huchukua siku kadhaa. Mmoja wetu akauliza kwa nini jagi lisiwekwe tu mezani, si limeshakamilika? Mkalimani akatuletea jibu. Kioo kikipoa haraka, nje hujikaza wakati ndani bado kuna moto. Ndani kunapotaka kusinyaa, hakupati nafasi. Mvutano unabaki humo, hauonekani. Chombo kinang'aa, kinauzwa, kinafika nyumbani kwa mtu, halafu usiku mmoja kinapasuka kabatini na hakuna aliyekigusa.

Nilitoka nje, nikasimama kando ya mfereji.

Mama yule alifiwa na mumewe mwezi Februari. Mimi nilikuwa katibu wa kwaya. Jumapili ya tatu baada ya mazishi nilikwenda kwake na wenzangu wawili, nikamwambia ajikaze, kazi ya Mungu haina makosa, sauti ya kwanza inapwaya bila yeye na Pasaka ndiyo hiyo. Akaja. Aliimba Pasaka vizuri mno, akatajwa kanisani kuwa mfano wa imani, nami nikajivuna. Mwezi Agosti, katika mazoezi ya kawaida, mtu alimwomba asogeze kiti chake kidogo. Kiti tu. Alilia mpaka tukaahirisha mazoezi, akaondoka, na hakurudi tena, si kwaya wala jumuiya. Wengine walisema ni shetani. Mimi nilisema ni hasira.

Tunapenda kuhubiri moto: tanuri la Babeli, dhahabu inayosafishwa. Mtu akitoka motoni, jioni ileile tunampa kipaza sauti atoe ushuhuda. Lakini tazama Eliya anavyotendewa. Ametoka Karmeli, moto umeshuka mbele ya watu wote, na muda si mrefu yuko jangwani chini ya mti akiomba afe. Malaika hamkemei, wala hamkumbushi Karmeli. Anamwekea mkate na maji. Eliya anakula, analala tena, na malaika anarudi mara ya pili na chakula. Kuulizwa anafanya nini kunakuja kule Horebu, baada ya siku arobaini. Nimeisoma sura hiyo miaka mingi nikiikimbilia ile sauti ndogo, nikiuruka mkate na usingizi.

Jagi sikununua, bei yake si ya mtu wa hija. Nilinunua shanga moja ya buluu, nikiwa nimeonywa nitafute nembo ya Vetro Artistico Murano, kwa kuwa vioo vingi madukani Venice vimetoka mbali. (Asiye na nauli ya Italia aende Kitengela, kusini mwa Nairobi, aone vioo chakavu vikiyeyushwa na kupulizwa upya.)

Niliporudi nilikwenda kwa yule mama siku ya Jumamosi, safari hii peke yangu, na mkate na sukari. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Niliyasema, yakawa mafupi kuliko nilivyopanga. Hakujibu. Alikuwa anachambua maharage, akausogeza ungo upande wangu. Tukachambua. Kwaya sikuitaja, na shanga ilibaki mfukoni. Nilipoinuka kuaga, akaniuliza Jumamosi ijayo nitapita saa ngapi.