Kurekodi na Kuhariri Makro za Kuumbiza Seli katika Lahajedwali

Makro ni mfuatano wa amri uliohifadhiwa ili utekelezwe tena kwa pamoja. Katika Microsoft Excel, mtumiaji huanza kurekodi, huumbiza seli kama kawaida, kisha husimamisha kurekodi. Programu huandika matendo hayo kwa lugha ya Visual Basic for Applications.

Hata hivyo, kinachorekodiwa ni tendo, si kusudi la mtumiaji. Isipobadilishwa mipangilio, programu hutumia anwani thabiti za seli. Kwa mfano, makro iliyorekodiwa kwa alama za wanafunzi 40, katika seli B2 hadi B41, itaumbiza seli hizo hizo hata orodha inayofuata ikiwa na wanafunzi 45. Alama tano za mwisho zitaachwa bila onyo lolote. Uhariri huondoa kasoro hiyo: mahali pa anwani B41 huwekwa amri ya kutafuta safumlalo ya mwisho yenye data.

Aidha, umbizo hubadili mwonekano, si thamani. Umbizo la "0.00" huonyesha 49.996 kuwa 50.00, ilhali fomula inayolinganisha alama hiyo na 50 bado huiona kuwa pungufu. Zaidi ya hayo, kwa kawaida matokeo ya makro hayawezi kutenguliwa. Kwa hiyo, makro iliyohaririwa inapaswa kujaribiwa kwanza katika nakala ya faili, na msimbo wake kuambatishwa kwenye tasnifu ili mtahini aweze kuuhakiki.