Fahamu: Je, gari linaweza kutumia maji badala ya petroli?

Hapana. Maji ni hidrojeni iliyokwisha kuungua. Ni kama jivu, nishati yake imeshatoka. Ukitumia umeme kuyatenganisha, kilo moja ya hidrojeni hula takriban uniti 50, nayo hukurudishia nishati ya uniti 33 hivi. Afadhali umeme huo uchaji betri ya gari moja kwa moja.

Inasikitisha kwamba ahadi ya gari linalotumia maji bado inawaponza watu. Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, aliwavutia wawekezaji kwa gari lake “la maji”. Mwaka 1996 mahakama iliamua kuwa ni ulaghai, ikaamuru warudishiwe dola 25,000.

Gari la Toyota Mirai ni jambo jingine. Hilo hujazwa hidrojeni, na maji hutoka kama taka.