Je, Wajua? Ndege wa Shaba na Watu wa Chuma wa Liverpool

Liverpool, mji wa Uingereza kando ya Mto Mersey, ulitajirishwa na meli. Sanaa yake ya hadharani nayo inanukia bahari tupu. Haya, sogea!

Je, wajua kwamba juu ya jengo la Royal Liver, lililofunguliwa 1911, wamesimama ndege wawili wa shaba wenye kimo cha mita 5.5 kila mmoja? Mmoja ameelekea mtoni, mwenziwe ameelekea mjini. Wenyeji husema siku wakiruka, basi Liverpool imekwisha!

Na wajua nani aliwabuni? Carl Bernard Bartels, mchongaji mzaliwa wa Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Waingereza wakamtia kizuizini katika Kisiwa cha Man, kisha wakamrudisha kwao. Ndege wake wakaachwa juu, wailinde bandari! Bartels alirejea Uingereza, na Vita Kuu ya Pili ilipofika akatengeneza viungo bandia. Moyo ulioje!

Tazama na saa za jengo hilohilo. Kila uso una upana wa mita 7.6, mkubwa kuliko wa Big Ben. Kabla haujapandishwa, uso mmoja uligeuzwa meza, na wageni wapatao 40 wakalia chakula juu yake.

Je, wajua Titanic haikuwahi kutia nanga Liverpool, ingawa jina la mji huo liliandikwa kwenye tezi yake? Ndiko ilikosajiliwa. Ilipozama, mainjinia wake hawakupona hata mmoja, na mnara wa mawe wa 1916 unasimama kando ya mto kuwaenzi.

Nenda sasa ufukwe wa Crosby, karibu na mlango wa mto. Utakuta watu 100 wa chuma, kilo 650 kila mmoja, wametawanyika kilomita 3, nyuso zote baharini! Wako hapo tangu 2005, na wote ni mtu mmoja: Antony Gormley aliwatengeneza kwa kalibu za mwili wake mwenyewe. Maji yakijaa, wengine humezwa hadi utosini. Yakipwa, hao tena, na mwani mwilini!

Unataka kali zaidi? Mwaka 1998 Mjapani Taro Chiezo aliupa mji mnyama wa manjano, mrefu kama mita 5: mbele mwanakondoo, nyuma ndizi. Kondoo na ndizi, vyote vilikuwa shehena ya bandari hiyo. Mwaka 2008 wakazaliwa watoto wake 125, wakatapakaa mitaani!